Vibuyu Vilivyorudi Vimejaa

Mwaka 1986 nilivuka mpaka kurudi kwetu Kaagya na mkono uliovunjika na karatasi ya hakimu wa Mbarara, Uganda. Ilimkataza mume wangu, Kashaija, kunisogelea. Niliitunza kuliko mkono wenyewe. Niliipiga pasi, nikaitia kwenye nailoni, na kila aliyekuja kunipa pole nilimsomea mpaka muhuri. Si nilimaliza darasa la saba!

Nilipoipeleka kituo cha polisi, askari alinirudishia kwa upole. "Dada, kule sisi tulikwenda mara moja tu, vitani, na vifaru. Karatasi yao haina nguvu hapa."

Nikabaki na shangazi Kezia. Baba alifia katika vita hivyo, na watoto wawili wa shangazi walichukuliwa na Juliana, kama tulivyouita ukimwi siku hizo. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba. Nilimpenda, lakini kwa ulinzi sikumwamini hata kidogo, maana hakuwahi kukataa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya mtu yeyote. Kibuyu kikifunguliwa kijiji cha pili, yeye ameshaketi.

Na kwetu mke akikimbilia kwao, mume humfuata na rubisi. Wakubwa wakionja, maneno yamekwisha, mke anabeba mzigo wake. Nikirudi Mbarara, Kashaija angenivunja mkono wa pili, au shingo.

Alikuja na vibuyu viwili. Nilikimbilia karatasi yangu, nikamsomea kutoka mlangoni.

"Hakimu huyo yuko Mbarara," alicheka. "Sisi tuko Kaagya."

Shangazi alivuta kibuyu, akanusa, akafumba macho. Mimi nikaingia ndani kukunja khanga zangu. Msomi mzima, nilishajifungia mzigo!

"Imeiva vizuri, mkwe," nilimsikia akisema. "Beba yako uende."

"Mama, onja tu."

"Nimezika wawili. Huyu sitamtoa kwa kibuyu."

Kashaija aliondoka na baiskeli yake, vibuyu vimejaa, mchana kweupe. Majirani wote waliviona, wakajua amekataliwa, na tangu hapo hakuna ambaye angemfungulia mlango wala kumwonyesha njia ya kwetu. Hakurudi tena.

Shangazi alimeza mate.

"Skolastika, weka hiyo karatasi. Nenda kwa Datius ukaniletee rubisi, koo limekauka."

Nilikwenda mbio, nikilia njia nzima, na nilimletea kibuyu kikubwa kuliko vyote.