Cheti cha bima nilichobandika ukumbini Kanyenye kilivyokaribia kumuua mpangaji wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hii sijasimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe hapa Tabora mjini. Sehemu inayoniaibisha nimeiacha humohumo. Jina tu ndilo nimebadilisha.

Mimi ni dalali wa viwanja na nyumba. Baada ya kuwauzia wengine miaka mingi, nikajikaza nikanunua nyumba yangu ya kupangisha, Kanyenye. Ni zile za zamani za familia za mjini: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele mzito mpaka usukume kwa bega. Warithi walioniuzia walikuwa wameipiga lipu ya saruji na rangi ya krimu. Kwa macho, nyumba imetulia.

Siku fundi umeme anatoboa ukuta wa chumba cha nyuma aweke soketi, ukamwagika udongo mwekundu. Akatoboa pembeni, udongo tena. Nyumba nzima ni tofali mbichi, imevalishwa saruji tu.

Fundi akaniangalia. Nikamwambia aendelee na kazi.

Wiki hiyohiyo nikakata bima. Wakala ni mshkaji wangu, tunapeana wateja. Hakuja hata kuiona nyumba. Tulikaa mgahawani, fomu mezani, yeye anauliza mimi najibu. Tulipofika kwenye kuta ni za nini, nikasema tofali za kuchoma na saruji. Sikusita. Nilijua nikisema udongo wataigomea.

Cheti kilipotoka nikaingiza ujanja wa kidalali. Nikakipiga laminesheni, nikakibandika ukumbini ambapo kila anayeingia atakiona. Wapangaji wengi wakisikia nyumba ina bima wanaelewa kwamba wataalamu wameipima wakaona ni imara. Nilijua wanaelewa hivyo na sikumsahihisha mtu. Vyumba vikajaa fasta.

Chumba cha nyuma akachukua Bi Ziada, mama mtu mzima, mjane, fundi cherehani. Analala humo, anashona humo.

Mvua zikaanza.

Bi Ziada akanipigia simu: "Mwanangu, huu ukuta unatoka jasho." Nikaenda. Chini ya dirisha lipu imevimba, na ufa umepanda kutoka sakafuni mpaka kona ya dirisha. Nikaweka alama ya penseli pale ufa ulipoishia. Baada ya siku mbili ulikuwa umeipita alama kwa urefu wa kidole.

(Kwa wasiojua: tofali mbichi ikinywa maji, saruji ya juu inaizuia isikauke. Ukuta unaoza kwa ndani huku nje unang'aa. Haya niliambiwa na mafundi baadaye.)

Wakuu, niliogopa. Sijawahi kuogopa mawingu namna ile. Mtu akiburuza meza nashtuka.

Na nisiwafiche: mwanzoni nilimwogopa mkaguzi wa bima kuliko nilivyouogopa ukuta. Nikiwaambia wapangaji watoke watauliza kwa nini, habari itamfikia wakala, fomu itafukuliwa. Kwa hiyo nikamwita fundi akaziba ufa kwa saruji. Bi Ziada akanishukuru sana, akanifungia na karanga za kwenda nazo. Zile karanga zilinishinda kula.

Sasa siku moja nilikuwa Isikizya namwonyesha mteja kiwanja. Saa nane mchana, naangalia upande wa mjini, kumekuwa kweusi kabisa. Mteja ananiuliza habari za hati, simsikii. Nikamwachia kamba ya kupimia mkononi, nikapanda pikipiki.

Njia nzima naomba Mungu kama mwehu.

Nafika, mvua imeshakolea. Bi Ziada yuko kwenye cherehani, ameupa mgongo ukuta uleule. Ufa umefunguka upya na maji ya udongo yanachuruzika mpaka sakafuni.

"Shikamoo mama. Tafadhali toka humu ndani."

"Marahaba. Nitoke niende wapi na mvua hii? Kaa unywe chai."

"Mama, huu ukuta unaanguka."

Akacheka. "Wasiwasi wako tu. Si watu wa bima waliipima hii nyumba? Karatasi si ile pale?"

Akarudi kwenye kitambaa chake. Wapangaji wengine wakaja mlangoni, mmoja akasema niache kuwatisha watu, labda nimepata mpangaji mwingine nataka kuwafukuza.

Hapo nikaelewa. Neno lolote nitakalosema, cheti changu kinalipinga. Nikaenda ukumbini, nikakibandua, nikarudi nacho.

"Hakuna aliyeipima nyumba hii. Nilidanganya kwenye fomu. Hizi kuta ni udongo na nilijua kabla hamjahamia."

Bi Ziada alinitazama, halafu akainuka na kuanza kuibeba cherehani. Nikamwambia aiache. Akasema, "Hii ndiyo inanilisha." Tukaishika wote wawili.

Tulikuwa tumefika ukumbini ukuta uliposhuka. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, kama gunia limedondoshwa. Kiti alichokuwa amekalia hakikuonekana tena.

Nilikaa chini nikalia, mbele ya wapangaji wangu.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kwenye kampuni ya bima nikasema ukweli. Bima imefutwa, fidia hakuna, na sina wa kumlalamikia.

Nilichojifunza: kabla hujanunua nyumba ya zamani, toboa ukuta, tena karibu na sakafu. Kwenye fomu andika nyumba ilivyo. Na cheti cha bima hakishikilii ukuta, usimwache mpangaji akaamini kwamba kinashikilia.

Bi Ziada amehifadhiwa kwa dada yake. Wiki iliyopita nilimfuata, nikamwambia nimempatia chumba kizuri, kuta za bloku, nimetoboa kwa mkono wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante. Nitamtuma mtu mwingine akaangalie."

Madalali na watu wa bima mliopo humu, huwa mnaingia ndani kweli kabla ya kujaza zile fomu? Semeni. Na mwenye kutaka kunichana anichane tu, nasoma zote.