Nilivyoigeuza Malesh ya Mama Achol

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si mtandao, si mvua, si yule msuluhishi. Ni mimi na mdomo wangu, ingawa siku hiyo hata mdomo sikuufungua. Niliandika tu kwa kidole.

Mimi ni mama wa hapa Lodwar. Zamani niliuza chai Kakuma. Huko ndiko nilikojifunza Kiarabu cha Juba, na ndiko nilikomjua Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayetarizi mashuka ya maua. Yeye kutoka kambini ni mpaka apate kibali, kwa hiyo duka lake lilikuwa kwenye simu, ndani ya soko moja la mtandaoni. Unachagua shuka, unalipa, anakutumia kwa basi.

Harusi ya mdogo wangu ilipokaribia, niliagiza mashuka ya kumtunza. Yalifika makavu, mazuri. Nikayaacha uani, nikaenda kupiga soga kwa jirani. Mvua ya huku mnaijua, inawasusa weee, halafu inakuja siku yako. Niliporudi, nyuzi nyekundu zilikuwa zimechuja kila mahali.

Nilimtumia Mama Achol picha, bila kusema yalinyeshewa wapi. Akajibu kwa sauti: "Malesh, dada. Malesh sana."

Sasa sikilizeni. Kwa Kiarabu cha Juba, malesh ni pole, na malesh ni samahani. Mtu akifiwa unamwambia malesh, ukimkanyaga mguu pia unamwambia malesh. Mama Achol alikuwa ananipa pole. Nilijua, jamani, nilijua.

Lakini niliona aibu kwenda harusini mikono mitupu, na aibu zaidi kusema uzembe ni wangu. Nikalalamika kwenye lile soko la mtandaoni. Wakatupa msuluhishi, mtu ambaye hatukuwahi kumwona uso, tunaandikiana naye wote watatu kwenye simu. Mama Achol akamwambia mzigo ulitoka kwake mkavu. Kisha mtandao wa Kakuma ukapotea, naye akapotea nao. Msuluhishi akaisikiliza ile sauti ya Mama Achol niliyomtumia, akaniuliza, "Hili neno malesh lina maana gani?"

Nikaandika: "Anaomba msamaha."

Basi. Akaamua kosa ni la muuzaji. Mimi nikarudishiwa hela, duka la Mama Achol likafungwa. Mdogo wangu nikampa mashuka ya dukani, wala hakuuliza.

Nimechoka kuibeba hii kitu. Nilimwandikia msuluhishi ukweli, nikajibiwa kesi imeshafungwa. Juzi nikapanda basi hadi Kakuma. Nilimkuta mlangoni kwake anatarizi, mashuka yamejaa kitandani, mnunuzi hakuna.

"Ejok," nikamsalimu kwa Kiturkana. Akaitikia vizuri tu, akanivutia kiti. Nikamweleza yote, nikamalizia, "Malesh, Mama Achol."

Hakuinua macho kwenye sindano. "Malesh gani, dada? Ile yangu ama ile yako?"



Ninyi mnaoshtakiana kwenye simu, huyo msuluhishi hawajui ninyi. Hajui lugha yenu, hajui mlikotoka, anajua mnachomwandikia tu. Siku akikuuliza neno la mwenzako lina maana gani, mwambie ile unayoijua.

Mimi niliijua.