Mlio Uliomwita Mwanangu

Mwanangu Zaidun alikuwa ameshaokolewa. Ameshakunywa chai ya moto, mashua yake imefungwa salama ubavuni mwa boti ya doria.

Halafu akaondoka kwenda kufa, huku anacheka.

Ngoja niwasimulie polepole, wajukuu zangu.

Hapa kwetu Natuna, visiwani Indonesia, moshi wa misitu inayochomwa visiwa vya mbali ukitanda, bahari haionekani. Basi sisi wa nyumbani tunapiga mzinga wa mwanzi. Unatia mafuta ya taa ndani ya mwanzi mnene, unawasha, buum! Mvuvi anaufuata mlio mpaka ufukweni.

Wa nyumbani kwetu naupiga mimi.

Wiki ile jeshi lilileta mizinga mipya upande wa pili wa kisiwa. Jamani, tulivyofurahi! Tuliambiwa makombora yake yanavuka upeo wa macho.

"Sasa hao wageni waje tena na meli zao watukatie nyavu," Zaidun akatamba. "Watajua hawajui!"

"Tamba ukisharudi," nikamwambia. "Mkeo yuko karibu kujifungua."

Mkewe, Jumiati, alikuwa na mimba yao ya kwanza, baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kuuliza.

Zaidun akainama, akaliambia tumbo: "We mtoto, usitoke mpaka baba arudi. Ukinizidi ujanja, bibi atapiga mwanzi, nitakuja mbio."

Tukacheka. Akaenda.

Jeshi lilikuwa limetangaza mazoezi ya asubuhi. Baruti tupu, hakuna kombora. Lakini moshi ukawachelewesha, wakasogeza mpaka alasiri. Mkuu wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba: "Leo msipige mianzi, msije mkawachanganya watu."

Nikatii.

Zaidun alikuwa baharini. Hayo hakuyajua.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na walinzi wa bahari. Meli kubwa ya kigeni ilimwandama, ikamkatia nyavu. Boti ya doria ikaingia katikati, ikaifukuza. Mlinzi mmoja, Yopi, mtu wa Ambon, kisiwa cha mbali, akaifunga mashua ya Zaidun kwenye boti yao.

"Tulia hapa, kaka. Moshi ukipungua tutakusindikiza."

Mara ikasikika kwa mbali. Buum.

Zaidun akaruka. "Mama huyo! Mke wangu kajifungua!"

"Kaka, hiyo ni mizinga ya jeshi."

"Ya jeshi ilikuwa asubuhi! We mtu wa Ambon utanifundisha mimi mwanzi wa mama yangu?"

Kwa mbali, ndani ya moshi, mlio ni mlio tu.

Akaufuata. Ukampeleka upande usio wetu, kwenye miamba.

Walinzi walimtafuta usiku kucha mpaka wakampata. Walimleta amefunikwa vizuri, wamevua kofia. Mkubwa wao akaniambia Zaidun alijifungua kamba mwenyewe, akatoroka wakati wao wanashughulikia mashua nyingine.

Jumiati alijifungua baada ya maziko. Msichana. Hakulia, tukamtingisha ndipo akalia, na sisi tukalia naye.

Arobaini ilipopita, Yopi akaja peke yake. Nikamwonyesha kiti, akakaa chini mlangoni.

"Mama, Zaidun hakutoroka. Kamba niliifungua mimi."

Nikamgeukia.

"Nilijua ni mizinga. Tulishaambiwa kwenye redio. Lakini alikuwa na furaha, Mama! Ameniita ndugu, ameniomba, anacheka. Nikashindwa kumvunja moyo. Nikajisemea, akiona si kwao atageuza."

"Na wenzako?"

"Hawajui. Leo nikitoka hapa nakwenda kuwaambia."

Mkono wangu ulinyanyuka kumpiga, wallahi. Wala hakujikinga.

"Alikula kabla hajaondoka?" nikamuuliza.

"Tulikula sahani moja, Mama. Vipande vya samaki nilimwachia yeye."

Mkono ukashuka wenyewe. Nikaenda jikoni, nikampakulia.

Wajukuu zangu, kumwonea mtu huruma si kumpa kila anachoomba. Ukimwona anakwenda kubaya huku anacheka, mkatalie. Akununie, akutukane, akuite roho mbaya, wewe shikilia kamba.

Leo ningetoa chochote nimsikie Zaidun anamtukana Yopi.