Sindano Iliyoutuliza Mkono Wangu

Assalaam aleikum, dada zangu na kaka zangu mliokuja kliniki leo. Mimi ni Mwanaisha wa Kibokoni, mchora hina. Nilianza kuchora maharusi nikiwa msichana. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mnene, mcheshi, nachora huku naimba, na kicheko changu kikisikika nyumba ya pili.

Halafu kiu ikaniingia. Nilikunywa maji tumbo likajaa, ulimi ukabaki mkavu kama gunia. Nilikuwa nikitoka chooni, kabla sijakaa narudi tena. Sehemu za siri ziliniwasha hata nikaona haya kukaa na watu. Sisimizi wakajaa chooni, wakifuata sukari ya mkojo wangu. Nguo zikanipwaya, mume wangu Athumani akasema, "Mwanaisha, mbona waisha hivi nami nakutazama?" Nikamwambia ni joto tu. Siku niliyotapika mfululizo na kuhema kama niliyekimbizwa, alinibeba mikononi hadi kwenye teksi, tukaenda hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, alinusa pumzi yangu iliyonukia kama tunda lililoiva mno, akanipima damu. "Sukari imekupanda sana, mama. Mwili wako hautengenezi insulini. Itabidi udungwe kila siku."

Nililia, maana nilidhani sindano ya kila siku ni ya mtu anayekufa. Kumbe! Baada ya siku chache kiu ikatoka, nikala wali nikashiba, nikajitazama kwenye kioo nikauona uso wangu umerudi.

Insulini niliyopewa ilikuwa nyeupe kama tui, yaitwa NPH. Unakiviringisha kichupa viganjani mpaka ichanganyike, kisha unajidunga asubuhi. Asubuhi nilikuwa mzima. Shida ilikuja mchana ukielekea alasiri, wakati ule ule maharusi wanapochorwa. Jasho lilinitoka, moyo ukadunda, mkono ukatetemeka.

Siku moja nilikuwa Makupa, namchora mguu bibi harusi aitwaye Salma. Kwa haraka ya kuwahi, sikula cha mchana. Mstari ukanikimbia hadi kifundoni. Mama yake akauliza, "Mwanaisha, una nini leo?" Nasikia nilimjibu maneno makali, mimi siyakumbuki. Salma akanitazama usoni. "Mama, huyu hana hasira, huyu mgonjwa. Lete sharubati, upesi!"

Wakaninywesha. Nilipopata fahamu sawasawa nilimwona bibi harusi amenikumbatia, na hina yake mbichi, vidole vyake vyote vimejichora kwenye kanzu yangu. Tulicheka mpaka machozi. Nikamfuta, nikaanza upya.

Lakini nyumbani sikucheka. Athumani, ambaye ni karani kwenye ghala moja Shimanzi, aliniambia, "Acha kazi, mke wangu. Nitakutunza."

"Najua utanitunza," nikamjibu. "Lakini mimi nataka kuchora."

Nikarudi kwa daktari nikamweleza yote. Akasema, "Insulini hii haifanyi kazi kwa nguvu moja kutwa nzima. Ukijidunga asubuhi, hupanda, na kuanzia mchana ndipo inapokuwa kali zaidi. Ukichelewa kula, inakuangusha."

"Hakuna nyingine?"

"Zipo. Lente hupanda karibu vivyo hivyo. Ultralente ni ndefu zaidi, hupanda polepole. Lakini peke yake haitoshi. Kabla ya kula utajidunga pia ile iliyo safi kama maji, ifanyayo kazi haraka. Sindano zitaongezeka, na si kila mwili unaipokea sawa."

"Nipe, daktari," nikasema, "hata nikitoboka nikawa kama kung'uto la tui!" Alicheka hadi akavua miwani.

Mwanzo haukuwa rahisi. Asubuhi nyingine niliamka nimelowa jasho, kichwa chanigonga. Daktari akapunguza kipimo. Nikajifunza kupima mkojo kwa kijiti na kutopitisha wakati wa chakula. Wifi yangu Fatuma, auzaye mboga Marikiti na mwenye ugonjwa huu huu, naye aliandikiwa ultralente. Yeye haikumfaa, sukari yake ilipanda na kushuka bila mpango. Akarudishwa kwenye NPH, ikagawanywa asubuhi na jioni, na sasa anabeba vikapu vyake kama zamani. Basi ya Fatuma haikuwa yangu, na yangu haikuwa yake.

Alasiri moja nilikuwa namchora bibi harusi mwingine. Nilimaliza mkono wa kulia, nikamaliza wa kushoto, nikashuka miguuni. Ghafla nikaona wanawake chumbani wamegeuka wote, wananitazama. Nikauliza, "Nimekosea?"

Bibi mmoja akasema, "Hujakosea, mwanangu. Waimba! Tangu uugue hatujakusikia."

Wakapiga vigelegele, nami nikaimba kwa sauti zaidi.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha daktari wangu, kisha Athumani aliyejifunza kunidunga kabla mimi sijathubutu. Na nyinyi wenzangu, msiazimane sindano wala msijibadilishie dawa wenyewe. Mwelezeni daktari ni saa ngapi mnatetemeka na mlikula nini. Hapo ndipo atajua ipi inawafaa. Tembeeni na sukari mfukoni, na waambieni watu wa nyumbani dalili zenu. Msione haya. Sindano haijanizuia kucheza ngoma hata moja.

Sasa mniwie radhi. Nina bibi harusi ananingoja Kuze. Nitakula kwanza, kisha niende.