Kigingi cha Kiti cha Kati

Mama muuza viazi wa soko la Bahati hakai kwenye kiti cha ndege, anakijaza. Aliinua mkono wa kiti kama anayeng'oa kigingi cha mpaka wa shamba, na Ndegwa, mpima ardhi aliyeamua kesi za mipaka nusu ya Nakuru, akabanwa dirishani. Akabonyeza kengele ya mhudumu ili alalamike. Mama, kwa vidole vyenye udongo usiotoka kuchani, akafungua leso, akamega nduma ya kuchemsha. “Kula kwanza, kijana yangu. Njaa ndiyo hufanya mtu aone nafasi ni kidogo.” Ndegwa akala, akaongezwa, akasinzia begani pa mama.

Mhudumu alipofika hatimaye, akauliza, “Mathe, huyu anakufinya? Nimhamishe?”

“Wacha alale. Nafasi iko.”

Ndegwa alisikia yote, akajitia kukoroma.