Muthokoi Kabla ya Samaki

Munyiva alilelewa Kitui na mama aliyeshika sheria moja: mtu haendi kwa watu na njaa. Mgeni mwenye njaa huwaaibisha waliomzaa. Kwa hiyo Jumamosi hiyo, saa kumi na nusu, kabla hajavaa gauni la bluu alilojishonea, alikula bakuli zima la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, jikoni kwake mtaani Kabiria, akaongeza kidogo, akafuta mdomo.

Ni mazoea tu. Hakukumbuka kwamba safari hii haendi kwa watu. Anaenda kulishwa na mumewe.

Kisilu ni dereva wa kreni, ile winchi ndefu ya ujenzi. Miaka miwili alikaa juu ya jengo moja la Westlands likikua chini yake, na mchana alikula huko huko hewani, peke yake, chakula alichofungiwa alfajiri na Munyiva kwenye kopo. "Siku moja utakula huku juu, Mama Kavindu," alikuwa akimwambia, "na mimi ndiye nitakayeagiza." Sasa jengo limekwisha, mkahawa umefunguliwa kwenye paa, na Kisilu alikuwa amenyoa ndevu mara mbili siku hiyo.

Sahani zikaja. Samaki mzima, viazi, mboga zilizopangwa kama maua. Munyiva alimeza matonge matatu, gauni likaanza kumkaba. Akamtazama mumewe, aliyekuwa akimwangalia mdomo kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Angemwambiaje?

"Ngoja kwanza nione mji," alisema, akainuka.

Upande wa mashariki, maghorofa ya katikati ya jiji yalikuwa yakishika jua la mwisho, vioo vimekuwa rangi ya asali. Alitembea polepole hadi tumbo likatulia, akarudi, akala viazi viwili. Akainuka tena. Kaskazini, mtaa wa Kitisuru ulikuwa miti tu, nyumba zimejificha ndani yake kama zenye haya. Akarudi kwa samaki. Akainuka.

Kila mara Kisilu alimfuata, uso umemchangamka.

"Kumbe umepapenda hivi!"

"Nimepapenda, Baba Kavindu."

Mara ya nne walisimama upande wa magharibi. Milima ya Ngong ilikuwa imekunja ngumi yake dhidi ya anga jekundu, na chini yake mabati ya Riruta na Kabiria yalianza kuwaka taa, moja moja.

"Nikifungua kopo lako," Kisilu alisema, "nilikuwa natafuta bati letu."

"Ukaliona?"

"Hata siku moja. Bati ni bati. Nilikuwa nachagua moja tu, nakula nikiliangalia."

Munyiva alirudi mezani akamla yule samaki hadi mifupa, bila kupumzika, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

Kisilu aliitazama ile mifupa, kisha lile jasho.

"Mama Kavindu. Kwani ulikula nyumbani?"

"Muthokoi. Bakuli moja."

"Moja?"

"Na nusu."

Kisilu alicheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka. Alicheka akapangusa macho kwa kitambaa cha mkahawa. Halafu akageukia mlango wa jikoni.

"Na ile keki niliyoagiza?"

Mhudumu alikuwa tayari anakuja nayo, kubwa, yenye krimu. Munyiva alishika mkoba wake, akasimama.

"Twende," alisema. "Kitisuru hatujaiona vizuri."