Ndizi Yenye Baridi Yabisi

Apa kwamba hutamwambia mtu. Mjukuu wangu wa chuo kikuu aliniapisha vivyo hivyo, nami nimenyamaza tangu Alhamisi.

Sokoni Nyamache alikuja daktari anayepaka magoti dawa nyeusi, kisha anapitisha jiwe lake juu. Weusi wote unalirukia jiwe. "Ugonjwa huo umetoka," anasema. Kwa wagonjwa wa miaka mingi ana kopo la pili, ambalo weusi wake hutoka polepole. Jirani yangu alikuwa ameshaapa kuacha vidonge vya hospitali, akapanga foleni.

Mjukuu, aliyenisindikiza sokoni, akaninong'oneza: "Nyanya, jiwe ni sumaku. Dawa ina chembe za chuma zilizovikwa ganda, kama tunazotengeneza maabarani. Ganda likizidi unene, kama la kopo la pili, mvuto unapungua. Usiseme."

Sikusema. Nilitoa tu ndizi kikapuni, nikachovya kidole kwenye kopo la pili, nikaipaka.

"Daktari, huyu naye anaumwa tangu akiwa mgombani."

Akakataa kumtibu. Jirani yangu akamnyang'anya jiwe, akalipitisha mwenyewe. Soko zima likatazama ugonjwa sugu ukitoka polepole kwenye ndizi.

"Kumbe mimi na ndizi tunaumwa pamoja," jirani akamwambia daktari, ambaye bado alikuwa ameshika makopo yote mawili.